Geuza Ungo Utafute Kimya: Kusaka Chanzo cha Redio ya Masafa Mafupi Kibiti na Deltani

Chukua ungo wa kupepetea mchele, uushike wima mbele yako kwa mikono miwili, kisha jizungushe taratibu. Kuna wakati uso wa ungo unaitazama Kibiti mjini, na kuna wakati ni ukingo wake ndio unaoelekea huko. Kazi yote ya kutafuta chanzo cha mawimbi ya redio imo humo. Badala ya ungo weka kitanzi cha waya kilichounganishwa na redio: ukingo ukielekea kwenye mtambo unaorusha, sauti hupanda, uso ukiutazama mtambo, sauti hufa. Nawe unachokisaka ni pale inapokufa.

Wanafunzi wangu wengi hubishana nami hapa. Mtu huona ni akili zaidi kufuata pale sauti ilipo kubwa. Hebu piga hesabu. Ukiwa kwenye kilele cha sauti ukakigeuza kitanzi kwa digrii 10, nguvu inapungua kwa chini ya asilimia 2. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kugundua hilo. Ukiwa kwenye kimya ukakigeuza kwa digrii hizo hizo 10, nguvu inatoka sifuri hadi kwenye asilimia 17 ya kilele. Hiyo hata mzee asiyesikia vizuri ataisikia. Kilele ni kipana kama uwanja wa mpira. Kimya ni chembamba kama uchochoro. Anayetaka kujua mwelekeo hupita uchochoroni.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Kibiti, Bungu, Ikwiriri, Nyamisati au kwenye visiwa vya ndani ya delta, mwenye redio ndogo ya mita bendi na mlio asiojua unatoka wapi. Pengine ni mvumo unaomharibia taarifa ya habari kila jua likiwaka. Pengine ni kituo kisichojitaja jina. Pengine ni simu ya upepo ya mtu mwingine inayoingilia ile ya kambi yenu. Vifaa havina gharama kubwa. Kinachohitajika zaidi ni dira, ramani, miguu na subira.

Wimbi limepita njia gani?

Usikimbilie waya kabla ya kujibu swali hili, maana ukilikosea mengine yote ni kujichosha.

Masafa mafupi ni yale ya kati ya megahezi 3 na 30, yaani mawimbi ya urefu wa mita 100 hadi 10. Ndiyo maana watangazaji wa zamani walikuwa wakitaja "mita bendi 25" au "mita bendi 31". Wimbi la namna hii lina njia mbili za kukufikia. Moja hutambaa na ardhi. Nyingine hupanda mpaka ionosfia, tabaka la anga lenye chembe za umeme lililoko kati ya kilomita 100 na zaidi ya 300 juu yetu, ikapindishwa huko na kurudi chini mahali pengine kabisa. Lililotambaa huja likiwa na mwelekeo wake wa kweli. Lililotoka juu linakuangukia kichwani, na kitanzi chako hakijui kupima kinachoanguka kichwani.

Chukua mfano wa Unguja. Kwa miaka mingi mtambo wa Dole ulirusha matangazo ya Zanzibar kwenye kilohezi 11735, na wasikilizaji wa Ulaya waliyapata jioni bila taabu. Kutoka Dole hadi Kibiti, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 180 tu, na bado mtu wa Kibiti angeweza kuambulia mchakato mtupu. Wimbi la kutambaa limekwisha nguvu njiani, na lile la juu limemruka likaenda kutua mbali. Ukishuka kwenye megahezi 5 au 6, mambo hubadilika: wimbi linapanda karibu wima na kurudi karibu wima, nawe unalisikia safi. Lakini kwa umbali huo huo wa kilomita 180, likigonga tabaka lililo kilomita 300 juu, linakufikia kwa pembe ya zaidi ya digrii 70 kutoka usawa wa ardhi. Zungusha kitanzi utakavyo, kimya hutakipata, au utapata kimya cha uongo kinachohamahama.

Utajuaje basi? Sikiliza kwa dakika 10 bila kugusa kitu. Wimbi la ardhini limetulia. La angani linapanda na kushuka kama ndoo kisimani, na mara nyingine sauti inakuwa kama inaongelea ndani ya mtungi. Kisha sikiliza tena saa 6 mchana na saa 2 usiku. Kituo kinachobaki vilevile saa zote kiko karibu nawe. Kinachokuja na giza na kuondoka na mapambazuko kiko mbali, na kwa hicho ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Yaliyo mbali" ya mwongozo huu.

Neno kuhusu usiku wetu. Ikweta ya sumaku haipiti pale ilipo ikweta ya ramani. Upande huu wa Afrika inapita Ethiopia. Sisi tuko kusini yake, kwenye ukanda ambao anga ya juu huchafuka baada ya jua kuzama, ikawa na mawingu ya umeme na mashimo yake. Vipimo vya saa 1 hadi saa 5 usiku ndivyo vinavyodanganya kuliko vyote. Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, kama mlio wenyewe unakuruhusu.

Kitanzi cha kutengeneza nyumbani

Redio ya kawaida ina kijiti cheusi cha feraiti ndani, na hicho kina tabia ya ungo. Bahati mbaya kinafanya kazi kwenye masafa ya kati tu. Kwenye mita bendi redio hutumia ile antena ya kuvuta, ambayo husikia pande zote sawasawa. Kwa hiyo kijiti cha ndani kitumie kujifunzia: tafuta kituo cha masafa ya kati mchana, ilaze redio, izungushe polepole mpaka kituo kififie. Ukishaizoea ladha ya kimya, jenga kitanzi.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita 2, mita 3 na sentimita 15, ukiukunja unakupa duara la kipenyo cha mita 1. Uufunge kwenye msalaba wa mianzi. Usiende kukata fito za mkandaa kwa ajili hiyo. Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi, na bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu utakuwa umeianza kazi kwa kosa. Ncha mbili za waya ziunganishe na kapasita ya kuzungusha, ile ya kutafutia stesheni iliyomo kwenye redio ya mkulima iliyokufa. Mafundi wa Kibiti na Ikwiriri wanazo kwenye makopo, wataona ajabu tu kwamba kuna anayezihitaji. Ikiwa ni ile ya pikofaradi 365, kitanzi hiki kitakuchukua kutoka karibu megahezi 4 hadi kama 13, na hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya kazi.

Ndani ya kitanzi kikubwa, upande ulio mkabala na kapasita, tundika kitanzi kidogo cha kipenyo cha sentimita 20. Hicho ndicho kinachoingia kwenye tundu la antena ya nje la redio yako. Antena ya kuvuta ifunge kabisa. Nasisitiza tundu la antena ya nje: ukiviringisha waya kwenye antena ya kuvuta, antena hiyo nayo itasikia kivyake na kukuharibia kimya. Kama redio yako haina tundu hilo, azima nyingine.

Kitanzi kikiwa tayari, zungusha kapasita mpaka sauti iruke juu. Hapo kimeshika. Sasa kizungushe chote kwenye mhimili wake mpaka sauti ife. Redio nyingi za siku hizi hujirekebisha zenyewe, zikiona mawimbi yamepungua zinaongeza nguvu, na kwa hiyo sauti hubaki ileile huku kimya kikipita bila wewe kujua. Mlaghai huyu hushikwa kwa kusikiliza mchakato wa nyuma: unapokaribia kimya, mchakato ndio unaopanda. Kama redio ina kipimo cha nguvu kwenye kioo, kiangalie hicho.

Mahali pa kusimama

Mabati, nguzo za umeme, lori, boti ya chuma, hata kamba ya kuanikia nguo iliyotengenezwa kwa waya, vyote hulinasa wimbi na kulirusha upya. Unadhani umeupata mtambo kumbe umepata paa la shule. Simama mbali na vitu hivyo angalau urefu wa mawimbi mawili. Kwenye megahezi 7 hiyo ni kama mita 85. Mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa ni mazuri sana. Uwanja wa mpira unafaa ikiwa magoli ni ya miti. Daraja la Mkapa, pamoja na uzuri wake wote, ni chuma na zege juu ya mto. Lipite uende zako.

Dira iwe mbali na redio, kwa sababu spika ina sumaku. Mimi huweka kitanzi kwanza, nikakifunga kisitikisike, nikarudi nyuma hatua 5, ndipo nikapima mwelekeo wa uso wake. Dira ya simu ya mkononi inatosha ikiwa utaizungusha kwanza ili ijipange, na kava lake halina sumaku. Kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani hapa kwetu hupishana kwa digrii chache. Tafuta tofauti ya mwaka huu na uiingize kwenye hesabu.

Pima mara 5, si mara moja. Vipimo vikikubaliana ndani ya digrii 3 au 4, chukua cha katikati. Vikitawanyika, ama wimbi linatoka angani ama umesimama pabaya. Hama.

Mistari miwili

Kimya hakikuambii mbele wala nyuma. Uso wa ungo una pande mbili, na mtambo unaweza kuwa upande wowote. Kuna ujanja wa kuongeza antena ya wima ili kuondoa utata huo, lakini kwa mtu anayetembea, kipimo cha pili kutoka mahali pengine hujibu maswali yote mawili kwa pamoja: upande gani, na umbali gani.

Tuseme chanzo kiko maeneo ya Salale, ndani ya delta ya kaskazini. Kutoka Kibiti mjini mstari wako utaelekea mashariki, ukishuka kidogo kusini. Kutoka Ikwiriri utaelekea mashariki pia, lakini ukipanda kaskazini. Mistari hiyo inakatana kwa pembe nzuri, na pale inapokatana ndipo pa kuanzia. Ukichagua vituo vya Kibiti na Kilindoni, kule Mafia, utajuta: viko pande mbili zinazotazamana, mistari yake inalaliana karibu kama reli, na kosa la digrii moja linalihamisha eneo la kukatana kwa kilomita nyingi. Chagua vituo ambavyo mistari yake inakatana kama mkasi uliofunguliwa.

Hesabu ya mfukoni: kwa umbali wa kilomita 60, digrii moja ya kosa ni kilomita moja. Kitanzi cha mianzi mikononi mwa mtu mwangalifu hukosea digrii 5 hivi. Ukiwa Kibiti na chanzo kiko kilomita 36 kutoka kwako, kosa lako ni kilomita 3 kila upande. Ndani ya delta kilomita 3 ni mito midogo mitatu na visiwa viwili. Ndiyo maana unapima, unasogea, unapima tena. Kipimo cha tatu kichukue Nyamisati, ambako umeshakaribia na kosa limeshapungua lenyewe.

Pwani ina jambo lake. Wimbi la ardhini hupenda maji ya chumvi, hufika mbali zaidi huko kuliko nchi kavu. Linapovuka kutoka majini kwenda bara kwa mshazari hupinda kidogo, kama fimbo uliyoitumbukiza mtoni inavyoonekana imevunjika. Mstari unaoukata ufuko kwa wima haupati shida. Mstari unaoambaa na ufuko usiuamini. Ama uupe uzito mdogo, ama usogee.

Ramani za 1:50,000 za idara ya serikali ya upimaji zinafaa kwa kuchorea mistari, lakini usiziamini kwa njia za maji. Rufiji hubadili mkondo bila kumwarifu mchora ramani. Kwa njia za maji muulize nahodha wa mtumbwi.

Karatasi ya makaa

Delta hii imewahi kuwa mahali pa msako mkubwa, na kisa chake kina funzo kwa msaka redio. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliizamisha HMS Pegasus mbele ya mji wa Zanzibar, kisha ikapotea. Waingereza walizagaa pwani nzima kuitafuta. Elimu ya vitanzi ilikuwa imeshaanza. Waitaliano Bellini na Tosi walikuwa wamebuni mfumo wao tangu mwaka 1907. Lakini meli iliyojificha kwenye mikoko haina sababu ya kubwabwaja redioni, na aliyefunga mdomo hana mwelekeo wa kupimwa.

Kilichoitoa ni karatasi. Mwezi Oktoba mabaharia wa HMS Chatham waliipekua meli ya Präsident huko Lindi wakakuta maandishi yanayoonyesha makaa ya mawe yaliyopelekwa Rufiji. Tarehe 30 Oktoba milingoti ya Königsberg ilionekana ikichomoza juu ya miti. Meli inakula makaa, na makaa huandikwa.

Fanya hivyo hivyo. Mtambo unakula umeme, na deltani umeme una njia chache: jenereta, betri za gari au sola. Antena ya masafa mafupi si kitu cha kuficha mfukoni. Kwa megahezi 7 waya wake una mita 20 na huning'inizwa kati ya minazi miwili au mlingoti na paa. Mistari yako ikikutana penye vijiji vitatu, kuna kijiji kimoja tu ambako watu watakuambia wapi dizeli inashushwa kila Ijumaa. Mara nyingi maswali matatu kwa muuza mafuta yamenifupishia siku mbili za kutembea.

Mvumo wa nyumbani

Kwa kweli, kati ya milio 10 utakayoisaka, 8 au 9 haitakuwa vituo vya redio hata kidogo. Itakuwa vifaa vya umeme visivyokusudiwa kurusha kitu: kontrola za sola, inveta, chaja za simu, balbu za LED za bei rahisi. Ndani yake kuna swichi inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wa kutoka paneli ya paani hadi betri chini ya kitanda unageuka antena bora kabisa. Mlio wake unautambua: unajirudia kila baada ya makumi kadhaa ya kilohezi unapozungusha redio, na ukiwa wa sola hupungua wingu likipita.

Niliwahi kusaka mvumo wa namna hii jioni mbili mfululizo. Siku ya kwanza nilikuwa na hakika ni mashine ya kusaga ya jirani. Nikaenda hadi pale, mwenye mashine akanizimia kwa hisani yake, mvumo ukabaki. Siku ya pili nikaushuku mnara wa simu. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini mistari yote niliyochora kwenye ramani inapita kwetu. Ilikuwa chaja ya tochi, nyuma ya kabati. Tangu hapo hatua yangu ya kwanza ni kuzima swichi kubwa ya nyumba yangu na kusikiliza kwa redio ya betri. Anza na kwako.

Ukiwa mtaani zima kimoja kimoja, tena kwa zamu. Kutofanya hivyo kulikwisha kugharimu watu hapa hapa. Tarehe 6 Julai 1915 Waingereza waliingiza deltani manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, huku ndege zikiruka juu na kuwaeleza kwa redio mizinga inaangukia wapi. Manowari zote mbili zikapiga kwa pamoja, na aliyekuwa angani akashindwa kujua mzinga upi ni wa nani. Walirudi tarehe 11, zikapiga kwa zamu, na siku hiyo Königsberg ikaisha. Kwa hiyo kijana wako akizima inveta ya nyumba ya kwanza, wengine wote wasiguse kitu mpaka umesikiliza na kuandika.

Karibu na chanzo, kitanzi kikubwa hulemewa: redio imejaa, kimya hakipatikani tena. Tumia kitanzi kidogo cha ndani peke yake. Bado imejaa? Sogeza redio kidogo pembeni ya masafa, au sikiliza kwenye mara mbili ya masafa yale, kwa mfano mlio wa megahezi 5 uutafute kwenye 10, ambako mwangwi wake ni dhaifu na unaufuata kwa urahisi. Mita za mwisho ni za miguu tu.

Dawa ya kontrola yenye kelele mara nyingi ni ndogo: sokota waya wa paneli pamoja, chanya na hasi, uufupishe, kisha uzungushe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na kontrola.

Yaliyo mbali

Kituo kinachokuja na usiku kinahitaji vyombo vingine. Kitanzi hukosea kwa sababu wimbi la kutoka juu huingia pia kwenye sehemu zake za mlalo. Mwingereza Frank Adcock alilitatua hilo mwaka 1919 kwa kuweka milingoti ya wima tu, isiyosikia kinacholala. Robert Watson-Watt, aliyekuwa akitafuta radi zilipo, miaka ya 1920 akaunganisha antena za namna hiyo na kioo cha mwanga, mwelekeo ukaonekana papo hapo kama mstari, hata kwa mlio wa kufumba na kufumbua. Vita vya Pili vilipokuja, nyambizi za Kijerumani zilizozungumza kwa sekunde chache tu katikati ya Atlantiki zilijulikana zilipo kwa njia hiyo. Wanaopima na pembe ya kushuka kwa wimbi, wakaujua na urefu wa ionosfia saa ile, wanaweza kukadiria umbali kutoka kituo kimoja tu.

Wewe wa Kibiti usijenge milingoti. Tumia saa. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani kilomita 300 kwa elfu moja ya sekunde. Vipokezi vitatu vilivyo mbalimbali, saa zao zikifungwa na setilaiti za GPS, vikirekodi matangazo yale yale, tofauti ya kuchelewa inatoa mstari kwenye ramani, na mistari ikikatana unapata eneo. Vipokezi vya KiwiSDR vilivyo kwenye intaneti vinafanya hivyo kwa yeyote mwenye simu na bando. Vingi viko Ulaya na Marekani, kwa hiyo chagua vinavyoizunguka sehemu unayoishuku badala ya vyenye sauti nzuri tu. Jibu likikupa duara la kilomita 100, shukuru. Kwa wimbi lililopita angani hiyo ni kazi safi.

Kumbuka pia kwamba unachokipata ni antena. Wakati wa ukombozi, sauti za FRELIMO, ANC na SWAPO zilizosikika Msumbiji, Afrika Kusini na Namibia zilirushwa kutoka mitambo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Msakaji wa upande wa pili aliyechora mistari yake vizuri aliangukia Dar es Salaam, na hakujua zaidi ya pale kuhusu mahali walipo wapiganaji.

Watu na sheria

Kusikiliza matangazo ya umma hakuna tatizo. Kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ni kosa, na kuyatangaza mazungumzo ya watu binafsi uliyoyanasa si jambo la kufanya hata kama hukukusudia kuyanasa. Ukipata mtambo usiojulikana mwenyewe wala leseni yake, usibishe hodi. Andika masafa, saa, mwelekeo na ulipopimia, upeleke TCRA. Wao wana vyombo na mamlaka.

Kabla ya yote hayo, pita ofisi ya kijiji. Kibiti na delta ni mahali ambapo watu wamejifunza kumtazama mgeni mara mbili, na wana haki. Mtu mwenye msalaba wa mianzi, waya, dira na ramani, aliyesimama peke yake shambani, ana maelezo ya kutoa. Mtolee mtendaji shikamoo yake, mwonyeshe kitanzi, mwache akizungushe mwenyewe asikie kituo kikifa na kufufuka. Mara nyingi atakupa kijana wa kukusindikiza, na kijana huyo ndiye atakayejua nani ana jenereta.

Kila kipimo kiandike papo hapo: tarehe, saa, masafa, mahali, mwelekeo wa mara 5, hali ya sauti imetulia au inapanda na kushuka. Ukiwa visiwani ongeza safu ya maji, yanajaa au yanapwa. Hii haihusu redio. Mto mdogo uliouingia kwa mtumbwi saa 4 asubuhi unaweza kuwa tope tupu saa 8, mtumbwi umekaa upande, mamba wako palepale, na kimya utakachokisikia hakina mwelekeo wowote.